Jezi nyekundu ya mtumba, namba 40: tathmini ya nguo na ya jina lililoshonwa mgongoni

Mwezi Julai, katika majira ambayo upepo wa Dodoma huleta vumbi na baridi kwa pamoja, nilinunua jezi ya mtumba ya mchezo wa besiboli kwa shilingi 12,000 katika soko la Sabasaba. Ni nyekundu, ina vifungo mbele kama shati la kawaida, kifuani imeandikwa Angels, na mgongoni imeshonewa namba 40 na jina PERCIVAL. Nimeivaa, nimeifua na kuipiga pasi kwa miezi minne, na kwa kuwa wengi wetu hununua jezi za timu tusizozijua bila kuuliza zilikotoka, nimeona niiandikie tathmini kamili: kwanza nguo yenyewe, kisha mtu ambaye nalibeba jina lake kila Jumamosi. Natahadharisha mapema kwamba sehemu ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza. Nguo inaelezeka kwa dakika tano, ilhali mtu huyu sikummaliza kwa wiki tatu.

Kijana aliyeniuzia alikuwa amefungua belo asubuhi hiyo hiyo na nguo zilikuwa bado zina mikunjo ya safari. Aliponiona nimeishika kwa muda mrefu kuliko kawaida ya mnunuzi, alinisogelea.

"Shikamoo mwalimu. Hiyo ni Simba ya zamani, ile ya toleo maalumu."

"Marahaba. Simba haijawahi kuchezea mpira nguo ya vifungo."

"Basi ni ya Ulaya, mwalimu. Elfu ishirini tu, kwa sababu ni wewe."

Si ya Ulaya wala si ya Simba, na mimi ni mtu wa Yanga tangu utotoni, jambo lililonipa sababu nzuri ya kumshusha bei: nilimweleza kwamba kuingia nyumbani na nguo nyekundu kutanigharimu zaidi ya hizo elfu ishirini. Tulikubaliana elfu kumi na mbili, naye akaifunga katika gazeti. Huduma ya kibanda hicho naipa sifa bila kinyongo, kwa maana aliniruhusu kuitoa nguo juani na kuikagua mshono kwa mshono, na alipoona kifungo kimoja hakifanani na wenzake alinionyesha yeye mwenyewe kabla sijakiona.

Kuhusu ubora, kitambaa ni polista nzito, na maandishi hayakupigwa chapa bali yameshonwa, kitambaa cheupe juu ya kitambaa chekundu, kwa uzi uliokaza. Hilo ndilo jambo la kwanza la kutazama katika jezi ya mtumba, kwa sababu maandishi ya chapa hupasuka kama udongo wa bwawa lililokauka pindi yanapokutana na pasi zetu, lakini ya kushona huishi kuliko nguo. Hii yangu ina dosari moja ya kweli: kona ya chini ya sifuri imeanza kuachia, na nyuzi zinaning'inia. Kuna pia alama hafifu ya wino karibu na kifungo cha pili ambayo haikutoka kwa limau wala kwa sabuni ya mche. Ukubwa wake ni wa kupita kiasi, kwani nguo hizi hukatwa ili zivaliwe juu ya nguo nyingine. Fundi cherehani wa mtaani kwetu aliipunguza ubavuni na mikononi kwa shilingi 3,000, na ikakaa vizuri. Mfuo wa kwanza niliufanya peke yake katika beseni, kwa hofu ya kuzitia nguo za watoto wekundu, lakini haikutoa rangi hata tone. Pasi ya mkaa isiwekwe juu yake moja kwa moja. Weka kitambaa chepesi cha pamba katikati, la sivyo polista itang'aa kama sufuria.

Kwa hali ya hewa yetu, inafaa asubuhi na jioni za kati ya Juni na Agosti. Oktoba, jua linapokaa utosini kuanzia saa nne, ni adhabu. Niliivaa siku moja kutoka Makole hadi Mnada wa Msalato nikajuta kabla bajaji haijafika nusu ya njia.

Tatizo jingine si la nguo bali ni la mji. Mtu mwenye nguo nyekundu yenye jina la kigeni mgongoni, hapa Dodoma, hubeba usajili mpya wa Simba apende asipende. Muuza kahawa aliniuliza kama huyo Percival ni beki au kiungo, na mwingine, aliyekuwa na uhakika zaidi, alinieleza kwamba alimwona akicheza na kwamba mguu wake wa kushoto ni mzuri. Mke wa mchungaji jirani yetu aliipenda kwa sababu tofauti kabisa: neno Angels ni malaika, na juu ya herufi ya kwanza kuna duara kama taji la mwanga katika picha za watakatifu. Nilijikuta namtetea mtu nisiyemjua, na ndipo nilipoamua kumjua.

Troy Percival alizaliwa tarehe 9 Agosti 1969 katika mji wa Fontana, California, nchini Marekani, na alikuwa mtupaji wa akiba. Wasomaji wengi hawajawahi kuutazama mchezo huu, ambao kwetu unachezwa katika shule chache tu, hasa kwa juhudi za Wajapani waliosaidia pia kujengwa kwa uwanja pale Azania, Dar es Salaam. Kwa hiyo naomba niueleze kwa ufupi. Besiboli haichezwi kwa saa. Timu mbili hupokezana kupiga na kulinda kwa awamu tisa, na alama hupatikana mchezaji wa timu inayopiga anapozunguka vituo vya uwanjani na kurudi alikoanzia. Timu inayolinda humtegemea mtupaji, anayesimama mita 18.44 kutoka kituo anaposimama mpigaji na kumrushia mpira mgumu wa gramu zipatazo 145. Mtupaji anayeanza mechi huendelea awamu tano, sita au saba, mpaka mkono uchoke au wapigaji wamzoee. Hapo mwalimu wa timu hutoka, humchukulia mpira mkononi mbele ya watu wote, na kumwita mwingine aliyekuwa akipasha misuli pembeni. Huyo ndiye mtupaji wa akiba. Miongoni mwa hao yupo mmoja anayetunzwa kwa ajili ya awamu ya tisa tu, wakati timu inaongoza kwa tofauti ndogo na uwanja mzima umesimama. Ningemwita mfungaji, lakini katika Kiswahili cha mpira mfungaji ni anayetia bao wavuni, kwa hiyo nitamwita mfunga mlango. Mwenye neno bora anisahihishe.

Nina sababu ya kuielewa kazi hiyo haraka. Nilipokuwa kijana nilicheza golikipa wa akiba katika timu ya wilaya, na katika misimu mitatu niliingia uwanjani mara nne tu, zote dakika za mwisho, kwa ajili ya penalti. Mtu wa namna hiyo huitazama mechi nzima akiwa amevaa kila kitu, mwili wake ukiwa umepoa, halafu huambiwa ghafla kwamba siku ya watu wote sasa iko mikononi mwake.

Kazi ya mfunga mlango ina hesabu yake, inayoitwa seivu, neno ambalo mashabiki wetu wanalijua kwa makipa. Kwa sura yake ya kawaida, mtupaji huingia timu yake ikiongoza kwa alama zisizozidi tatu, hutupa angalau awamu moja, na humaliza mechi bila uongozi huo kupotea. Takwimu hiyo ilianza kuhesabiwa rasmi mwaka 1969, mwaka ule ule aliozaliwa Percival, kana kwamba mizani na mzigo vililetwa sokoni siku moja. Aliondoka katika mchezo akiwa na seivu 358, na kati ya hizo 316 alizipata akiwa na Angels, nyingi kuliko mtupaji mwingine yeyote katika historia ya klabu hiyo. Alitupa katika mechi zaidi ya 700 za ligi kuu na hakuanza hata moja.

Jambo ambalo jezi haisemi ni kwamba hakuja mjini kwa ajili ya kutupa. Katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Riverside alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa amevaa kinyago na kinga za kifua, na ni kama mdakaji Angels walipomchagua katika raundi ya sita mwaka 1990. Mdakaji wa kulipwa lazima pia apige, na gongo lake halikutosha. Mkono wake, hata hivyo, ulikuwa na nguvu zisizo za mdakaji. Klabu ilimwondoa nyuma ya mpigaji na kumpeleka mbele yake, akajifunza kazi mpya akiwa na zaidi ya miaka ishirini na moja, umri ambao wenzake walikwisha kutupa tangu shule ya msingi. Nimewaona vijana wengi wakiambiwa kwamba hawafai katika nafasi waliyoipenda. Wachache hukubali kuanza upya mahali ambapo hawajui hata pa kuweka mguu, na wengi zaidi huacha mpira na kusema walilogwa.

Alifika ligi kuu mwaka 1995. Msimu huo wa kwanza alitupa awamu 74 na kuwaondoa wapigaji 94 kwa utupaji wake pekee, akiwa mbeba mizigo wa awamu ya nane, wakati mlango wenyewe ulifungwa na Lee Smith, ambaye katika miaka hiyo ndiye aliyekuwa na seivu nyingi kuliko mtu yeyote duniani. Mwaka uliofuata Smith alihamishiwa Cincinnati, na Percival akachukua funguo: seivu 36 mwaka 1996, 42 mwaka 1998, na kuitwa mara nne katika mechi ya nyota wa ligi. Silaha yake ilikuwa mpira wa kasi uliokaribia kilomita 160 kwa saa, ambao humfikia mpigaji kwa muda wa sekunde 0.4 hivi, pamoja na mpira wa kupinda uliomfanya mpigaji aliyejiandaa kwa ule wa kasi aonekane kama mtu anayefukuza nyuki. Katika video za zamani anaonekana akikunja macho kumtazama mdakaji, kichwa kimeinama mbele, kama mzee anayesoma tangazo lililobandikwa juu sana.

Jezi yangu, kwa rangi na duara lake, ni ya mtindo ulioanza mwaka 2002, na huo ndio mwaka wenyewe. Angels walikuwapo tangu 1961 bila kuwahi kutwaa ubingwa. Mwaka huo walishinda mechi 99, wakaingia mtoano kwa nafasi ya ziada, wakawatoa Yankees kisha Twins, na katika fainali ya mechi saba wakakutana na San Francisco Giants ya Barry Bonds, mpigaji wa kuogopwa. Katika mechi ya pili, Angels wakiongoza 11 kwa 9 na wapigaji wawili, kati ya watatu wanaotakiwa, wakiwa wamekwisha ondolewa katika awamu ya tisa, Percival alimtupia Bonds mpira wa kasi katikati, na Bonds akaupeleka mbali kiasi kwamba kamera zikamnasa mchezaji wa Angels, Tim Salmon, akishangaa kwa kutikisa midomo. Ikawa 11 kwa 10. Percival akamwondoa aliyefuata na mechi ikaisha. Nimeitazama dakika hiyo mara nyingi kuliko ile ya ubingwa, kwa sababu inaeleza vizuri kazi ya akiba ilivyo: alipigwa mbele ya dunia nzima, akapoteza alama moja aliyoweza kuimudu kupoteza, na hakumkwepa Bonds kwa woga, kwa kuwa kumpa njia ya bure, yaani kumwacha aende kituo cha kwanza bila kupiga, kungeweka mtu kituoni, na pigo moja kubwa la mwenzake aliyefuata lingesawazisha.

Mechi ya sita Angels walikuwa nyuma kwa alama tano bila, zikiwa zimesalia awamu tatu, wakageuza ikawa sita kwa tano, na Percival akafunga. Mechi ya saba, tarehe 27 Oktoba 2002, aliingia wakiongoza nne kwa moja. Wawili wa Giants walifika vituoni, na mpigo mmoja mkubwa ungesawazisha kila kitu. Kenny Lofton akaupiga mpira juu upande wa katikati, Darin Erstad akaudaka. Kwetu ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, wanafunzi wangu wakiwa mstarini, na hakuna hata mmoja katika shule ile, mimi nikiwemo, aliyejua kwamba kuna mchezo unaoitwa hivyo.

Baada ya hapo mwili ulianza kudai. Nyonga iliharibika taratibu. Angels walikuwa na kijana Francisco Rodríguez tayari mlangoni, na kabla ya msimu wa 2005 Percival akahamia Detroit, alikopata seivu 8 tu kabla ya msuli wa mkono kumtoa. Alikaa mwaka mzima wa 2006 bila kutupa, akarudi St. Louis mwaka 2007, akafunga mechi 28 za Tampa Bay mwaka 2008, na timu hiyo ilipofika fainali yeye hakuwemo katika orodha. Alimaliza mwaka 2009. Miaka hiyo naipita upesi kwa sababu ndivyo inavyostahili: ni ya mtu anayejaribu funguo katika milango ambayo si yake.

Januari 2015 jina lake lilipelekwa kwa waandishi wanaopiga kura ya kuwaingiza wachezaji katika ukumbi wa heshima wa mchezo huo. Alipata kura nne, chini sana ya asilimia 5 zinazohitajika ili jina libaki kwa mwaka unaofuata, na hivyo likafutwa. Mwezi uliofuata, Februari 2015, alisimama uwanjani Riverside akiwa mwalimu mkuu wa timu ya chuo chake, katika mechi za msimu wake wa kwanza. Mlango wa kura ulifungwa na mlango wa darasa ukafunguliwa kwa tofauti ya wiki chache, na hilo halipo popote katika nguo niliyonunua.

Riverside ni mji mkavu ulio kilomita zipatazo 90 mashariki ya Los Angeles, na chuo chake kilichipuka kutoka katika kituo cha utafiti wa michungwa kilichoanzishwa mwaka 1907. Mkazi wa Dodoma atauelewa mji wa namna hiyo bila kusafiri, maana sisi tunao Makutupora na utafiti wake wa zabibu, jua lile lile, na chuo kikuu kilimani. Timu yake inaitwa Highlanders na huvaa bluu na dhahabu. Haikuwa timu kubwa. Katika ligi yao, iitwayo Big West, majirani kama Cal State Fullerton wana makombe ya taifa, na Santa Barbara ilifika hatua ya mwisho ya mashindano ya taifa kule Omaha mwaka 2016. Riverside katika misimu sita ya Percival, kuanzia 2015 hadi 2020, haikuingia mashindano ya taifa ya timu 64 hata mara moja, na msimu wa sita ulikatishwa mwezi Machi kwa sababu ya korona. Kwa hiyo mtu anayehukumu kwa vikombe atasema alishindwa.

Mimi sihukumu hivyo, na hapa nazungumza kama mwalimu wa michezo aliyekwisha kuumia. Nilipokabidhiwa timu ya shule kwa mara ya kwanza kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, nilifundisha nilichokijua, yaani penalti. Kwa wiki mbili vijana walipiga na kudaka penalti mpaka giza, na golikipa wangu alikuwa hodari kweli. Mechi ya kwanza tulifungwa manne bila ndani ya dakika tisini, na penalti hazikupigwa. Mtu aliyeishi maisha yake ya uchezaji katika dakika za mwisho hana budi kujifunza mwanzo na katikati ya mechi kama mgeni, naye hujifunza mbele ya watoto wanaomwamini kupita kiasi kwa sababu ya jina lake.

Sasa tazama alichokabidhiwa Percival. Kikosi cha besiboli cha chuo katika miaka yake kilikuwa na wachezaji 35, lakini kanuni za vyuo ziliruhusu ufadhili wa masomo wa watu 11.7 tu kwa timu nzima, ambao mwalimu huukata vipande kama mama anayegawa kuku mmoja kwa wageni wa harusi: huyu robo, yule theluthi, na wengine hawapati hata shingo. Msimu una mechi zipatazo 56 kuanzia Februari, zikichezwa pamoja na mitihani. Na mchezaji aliyefundishwa akaiva huondoka, kwa kuwa kanuni huruhusu timu za kulipwa kumchagua baada ya mwaka wa tatu chuoni, kama alivyochaguliwa yeye mwenyewe mwaka 1990. Mfunga mlango huingia akiwa na uongozi mkononi. Mwalimu wa Riverside huanza kila mwaka bila uongozi wowote.

Anachokuwa nacho mtu wa namna hiyo, na ambacho mwalimu aliyekuwa nyota tangu utoto hana, ni habari ya yule mdakaji aliyeshindwa kupiga. Kijana wa miaka kumi na tisa anayeambiwa abadili nafasi humsikiliza kwa sikio tofauti mtu aliyebadilishwa akiwa na umri mkubwa kuliko wake, tena akitokea uwanja huo huo. Sidai kwamba hilo hushinda mechi. Nadai kwamba ni ujuzi ambao hauhesabiwi mahali popote, na kwamba kati ya nusu mbili za maisha ya Percival, nusu ya seivu 358 ina jezi, video na takwimu hadi desimali, ilhali nusu ya pili haijawahi kufika Sabasaba ndani ya belo lolote. Hapo ndipo ninapoitoza jezi hii alama. Imenisimulia awamu ya tisa na kuninyima nane zilizotangulia na zote zilizofuata.

Kwa bei ya elfu kumi na mbili, pamoja na elfu tatu za fundi, bado ni ununuzi mzuri. Anayetaka nguo imara ya asubuhi za baridi, isiyopauka na isiyovaliwa na mtu mwingine mtaani, aichukue. Shabiki wa Yanga mwenye roho nyepesi aiache. Mnunuzi akague kwanza kona za namba, kisha vifungo, kisha kwapa, kwa mpangilio huo, na asikubali kuambiwa kwamba wino utatoka. Sifuri yangu nitaishona mwenyewe kwa mkono likizo ya Desemba.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwa kijana yule, nikamweleza habari hizi zote akiwa anapanga suruali, naye akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Nikamwomba kwamba siku akifungua belo akaona nguo ya bluu na dhahabu iliyoandikwa Riverside, asiinadi, aniwekee chini ya meza, nami nitatoa hata elfu ishirini zake za kwanza.

"Sawa mwalimu, nitakuwekea," akasema, kisha akasita kidogo. "Ila na hao nao, wanacheza na Simba lini?"